Jina Nililolisoma Nyuma ya Picha

Aibu hii nimeikimbia miaka mingi. Hapa Sosiot kuna mama mmoja anayeijua tangu mwanzo mpaka mwisho, na kila akianza kuisimulia baada ya ibada mimi huinuka nikisema nimeacha sufuria motoni. Lakini leo mmenikalisha, chai ipo, mvua imetufungia ndani, na miguu yenyewe haikimbii tena kama zamani, basi acheni niiseme mwenyewe kabla hajafika. Ni mimi, Rebeka Chebet, niliyemfanyia mzee wa watu, mzima wa afya, mambo wanayofanyiwa marehemu, nikalisambaza jina lake kambi nzima ya wachuma chai, halafu mzee mwenyewe akashuka kwenye gari mchana kweupe akitabasamu.

Tabia yangu mnaijua. Siwezi kungoja. Maji nikiyateleka nayafunua mara tano kabla hayajachemka, na nikitumwa mahali narudi nikiwa nimeshafanya na lile ambalo sikutumwa (marehemu mama alikuwa akisema nilizaliwa kabla mkunga hajavua viatu, na nadhani hakuwa anatania). Mtu wa namna hiyo hafai kukaribia jambo la jina la mtoto, hasa mtoto wa wenyewe, hasa wenyewe wakiwa Wachina.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa msichana wa kuchuma chai kwenye shamba moja kubwa upande wa kuelekea Kapkatet, kikapu mgongoni tangu asubuhi, umande unakulowesha mpaka kiunoni na vidole vimepasuka. Kiwanda kikaleta fundi wa mashine kutoka Hongkong, anaitwa Bwana Lam, mtu mwembamba wa kucheka haraka, na mke wake akamfuata akiwa na mimba kubwa. Mtoto alipozaliwa, wa kiume, nyapara akatafuta msichana aliyemaliza darasa la saba awe yaya, akanichagua mimi. Jamani, nililia kwa furaha. Kutoka kwenye matope hadi kwenye nyumba yenye sakafu ya mbao inayong'aa! Nikaambiwa ni kazi ya majaribio miezi mitatu, nikikosea narudi kwenye kikapu, na nikaapa sitakosea. Halafu nikampenda yule mtoto, na hilo ndilo likawa baya zaidi, kwa sababu sasa nilikuwa na vitu viwili vya kupoteza.

Mtoto alitoka hospitali hana jina. Siku ya kwanza sikusema kitu. Siku ya tatu nikauliza. Mama Lam, ambaye Kiswahili chake alikipata kwangu tukioneshana vyombo jikoni, akaniambia, "Jina bado. Nyumbani wataandika barua."

Bwana Lam ndiye aliyenieleza vizuri jioni moja akila. Kwao, alisema, jina zuri halichumwi tu kama jani. Siku na saa ya kuzaliwa zinapelekwa nyumbani, wazee wanamwendea mtu mwenye ujuzi, anatazama mtoto amepungukiwa na nini kati ya mti, moto, udongo, chuma na maji, halafu linatafutwa jina la kujaza lile pengo. Tena ndugu na binamu wa rika moja wote wana neno moja wanaloshiriki katika majina yao, hilo halibadilishwi, na lile linalobaki linaandikwa kwa mistari ambayo nayo inahesabiwa isiwe mingi wala michache. Nikasikiliza mdomo wazi. Jambo moja tu hakuniambia, na mimi sikuuliza: kwamba jina la mzee wa ukoo halipewi mtoto kamwe.

Barua ikakawia. Wiki moja, wiki ya pili. Na huku nyuma Mama Lam alikuwa akimwita mtoto neno fulani la kwao, analisema kwa mapenzi akimbusu tumbo, nikamuuliza maana yake. Akafikiri, akatafuta maneno, akasema, "Mbwa. Mbwa kidogo."

Nilidhani ninaota. Mtoto mzuri vile, mwekundu, nywele zimesimama wima, anaitwa mbwa! Akanieleza kwamba ukimpa mtoto mchanga jina tamu, vitu vibaya vinavyoiba watoto vitasikia na kuja, lakini ukimwita mbwa vitapita zao, nani anataka mbwa. Niliitikia kwa kichwa lakini moyo haukutulia hata kidogo.

Mjue kwamba kwetu sisi Wakipsigis mtoto halali siku moja bila kuitwa. Akizaliwa tu, akina gogo, yaani bibi zetu, wanakaa naye, wanataja majina ya wazee wa ukoo waliotangulia, mmoja mmoja, na ugoro kidogo unapitishwa puani, na jina litakalotajwa mtoto akapiga chafya, basi huyo ndiye aliyerudi, ndilo jina lake la ndani. Hayo mengine ya Kiprono na Kipkoech, ya saa ya kuzaliwa, yanakuja baadaye. Mtoto ambaye hajaitwa analia, kwa sababu wazee wanagombana mlangoni nani aingie. Na huyu wetu alikuwa analia! Kila siku saa kumi jioni inaanza, mpaka saa moja, analia mpaka anakuwa wa zambarau, na mimi nazunguka naye sebuleni nikijua kabisa shida iko wapi. (Leo nimezaa wanne na ninajua lilikuwa tumbo tu, gesi. Lakini wakati huo nani wa kuniambia?)

Sasa, sebuleni kulikuwa na rafu, na juu yake picha mbili, ya bibi mzee na ya babu mzee, wametazama mbele bila kucheka, na kila baada ya siku chache Bwana Lam aliwasha vijiti vya udi, akaweka sahani ya machungwa, akainama mara tatu. Nikamwuliza Mama Lam, "Huyu mzee ni nani?"

"Baba ya Bwana."

"Jina lake?"

Akaziba mdomo, akacheka, akatikisa kichwa. Nikaelewa mara moja, maana hata kwetu mke hatamki jina la baba mkwe wake hadharani. Nikanyamaza. Ningebaki nimenyamaza, leo ningekuwa mtu wa heshima.

Jumatano nilikuwa napangusa vumbi. Picha ya mzee ikawa mkononi. Nikaigeuza. Ndivyo tu, niliigeuza, mkono wenyewe uligeuka, na nyuma kulikuwa na maandishi ya Kichina, na chini yake, kwa herufi zetu hizi za shule, mtu alikuwa ameandika Lam Kin Toi. Nyuma ya picha ya bibi hakukuwa na kitu. Nikairudisha rafuni, nikamaliza kupangusa, na ilipofika saa nane mtoto akiwa amelala mimi nilikuwa tayari nimefika kwenye nyumba za wafanyakazi, natweta, mbele ya Gogo Tapkigen.

Huyu Gogo ndiye aliyeaminiwa kambi nzima kwa kuita watoto. Alikuwa mfupi, mkali, masikio yamening'inia, na kikopo chake cha ugoro hakikutoka mkononi. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kwa Kipsigis, polepole, "Chebet, una hakika huyo mzee amekufa?"

Nikamjibu pale pale, "Gogo, anawashiwa udi, anawekewa machungwa, mwanawe anamwinamia. Mtu aliye hai anawekewa machungwa kwenye picha?"

Akafikiri. Akakubali kwamba mtu aliye hai angekula machungwa yake mwenyewe.

Kesho yake wakaja watatu, Gogo Tapkigen, mwenzake mmoja, na mama mmoja Mkisii jirani yetu ambaye alikuja kwa udadisi tu. Walibeba kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya mgando. Mama Lam alikuwa ndani ya mwezi wake, maana kwao mwanamke aliyejifungua hatoki nje mwezi mzima, hagusi maji baridi, haoshi nywele, anashinda na supu ya tangawizi, na upweke ulikuwa umemchosha. Nilimwambia kina mama wa kambi wanataka kumbariki mtoto. Akafurahi mpaka akajitengeneza nywele. Nikamwonesha Gogo ile picha ili ajue anamwita nani. Akaitazama kwa muda mrefu, masikio, paji la uso, akatingisha kichwa kwa heshima, akaketi na mtoto magotini.

Kwa kawaida majina ni mengi, unataja babu, unataja ndugu wa babu, unaenda mbali. Sisi tulikuwa na jina moja tu. Gogo akaita, "Kintoi! Kintoi, ni wewe?" (Lilimkaa mdomoni kana kwamba ni la mtu wa kwetu Bureti, hata Mama Lam hakulitambua.) Mtoto akamtazama. Akaita tena. Mtoto akapiga miayo. Yule mama Mkisii akasema, "Huyo amekataa bwana, tafuteni mwingine." Na mwingine nitamtoa wapi? Kikopo cha ugoro kilikuwa wazi pale, ugoro hupitishwa na mkono wa mzee na ni kidogo sana, hilo nilijua, lakini nikachovya kidole changu mimi na kukipitisha chini ya ile pua ndogo wakati Gogo akiita mara ya tatu.

Chafya ilitoka kubwa kuliko mtoto mwenyewe.

Vigelegele! Gogo akamtemea mate ya baraka kifuani, Mama Lam akapiga makofi akicheka bila kujua anachopigia makofi, na jioni ile, nawaapia, mtoto hakulia. Nikajua nimefanya jambo la maana sana duniani. Ningemwambia Mama Lam wakati ule ule mambo yangeishia pale sebuleni. Nikajiambia acha nisubiri barua ya kwao ije kwanza, ndipo nimwambie kwa wakati mzuri. Maisha yangu yote sijawahi kuchagua kusubiri, nikachagua siku hiyo.

Kambi haikusubiri. Ndani ya wiki moja kila mtu alimjua Kintoi. Wachumaji wakipita kando ya ua asubuhi wanapaza sauti, "Chebet! Kintoi ameamkaje?" nami nawakatazia kwa mkono, wanafikiri ninawapungia, wanazidi. Mama Lam hakusikia, chumba chake kilikuwa nyuma. Lakini kiwandani ni mahali pengine, na Jumatano ya wiki iliyofuata Bwana Lam alirudi kula chakula cha mchana akiwa ameinua nyusi.

"Chebet, watu ya kiwanda nasema Kin Toi, Kin Toi. Kin Toi ni nini?"

Mlango ulikuwa wazi hapo, wa kusema ukweli. Niliuona kabisa. Lakini nikaona na kikapu mgongoni, na mtoto mikononi mwa msichana mwingine, na mdomo ukanitangulia. "Ni jina ya Kipsigis, Bwana. Iko watu wengi huku wanaitwa hivyo."

Akacheka kwa furaha, akapiga meza. "Baba yangu naitwa Kin Toi! Nitamwambia, atafurahi sana. Jumamosi nafika hapa."

"Nani anafika, Bwana?"

"Baba. Ameleta telegramu. Anakuja siku mtoto natimiza mwezi moja. Jina ya mtoto hataki kutuma na posta, anataka kuleta na mkono yake." Na kwa vile vijiti vyake vya kulia akaelekeza kwenye rafu, kwa yule mzee wa picha.

Niliuliza, sijui kwa sauti gani, "Na machungwa?"

"Machungwa ya Mama. Mama alikufa, miaka sita. Picha ya Baba tunaweka karibu, Mama asikae peke yake."

Nilienda jikoni nikaanza kuosha sahani zilizokuwa safi. Mnaelewa nilichokuwa nimefanya? Kwetu kumwita mtu aliye hai pamoja na waliokufa ni kama kumsukuma mgongoni. Unamwambia nafasi yako huku imeshajazwa, nenda. Na aliyeita si mimi, ni Gogo Tapkigen, mwanamke ambaye hajawahi kukosea kuita, nimemtia dhambi hiyo mikononi bila yeye kujua.

Siku tatu zile sikukaa kitako. Nilikimbia. Alhamisi nikaenda kambini nikiwa nimeamua kumweleza Gogo, nikamkuta anasuka kamba, akaniangalia, nikamwomba chumvi. Nikarudi na chumvi. Nikaenda tena nikawaambia kina mama kwamba sherehe ya mtoto kutimiza mwezi ni ya wazungu tu, wakaniuliza mbona nyapara amewaambia Bwana Lam amealika laini nzima ya nyumba za wafanyakazi na mayai yanachemshwa? Ijumaa nikaja na uongo mwingine, kwamba kwa Wachina ni mwiko kutaja jina hilo siku ya sherehe, ni vibaya sana, linaleta balaa (huo ndio ukweli nilioukaribia kuliko wote, na mimi nilidhani nadanganya!). Wakasema sawa, lakini wimbo walikuwa wameshautunga. Mwishowe nikamwambia Gogo goti lake baya na mvua hii abaki nyumbani apumzike.

"Mtoto nimemwita mimi," akasema, "halafu nibaki nyumbani?"

Jumamosi ikafika. Bustani ilikuwa imepangwa meza, mayai yamepakwa rangi nyekundu kama bendera (kina mama wakayageuza geuza kwa mashaka, wakayaweka kwenye leso), sufuria ya miguu ya nguruwe na tangawizi inatoa harufu ya siki, meneja mzungu kakaa na mkewe, nyapara kavaa tai. Mawingu yamejaa. Mimi nimembeba mtoto, nimekaa karibu na mlango, natazama barabara, naomba gari liharibike hata huko njiani, Londiani.

Likaingia. Mlango ukafunguliwa, fimbo ikatangulia, kisha akatoka mzee wa picha, masikio yale yale, paji la uso lile lile, koti jeusi, anatabasamu kwa watu wote. Na aliyesimama mbele kabisa na kibuyu cha mursik kumkaribisha mgeni alikuwa Gogo Tapkigen.

Kibuyu kilianguka kikapasuka. Gogo akasema kwa sauti nyembamba ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Tumemwita amekuja na mwili," akageuka akakimbia, lile goti lake sijui lilipona lini, na wenzake wakamfuata bila kuuliza, wote wakaingia kwenye chai. Chai si nyasi, chai inakukamata, leso zikabaki juu ya vichaka, mmoja akakwama katikati akikemea kwa jina la Yesu. Lakini wale wa nyuma, ambao hawakuwahi kuiona picha, walifikiri ndiyo sherehe imeanza, na wakaanza wimbo. Wakaninyang'anya mtoto, wakamrusha juu, wakacheza naye mpaka mbele ya mgeni: "Kintoi wetu kanenepa, Kintoi anyonye, Kintoi akojoe, tumbadilishe!"

Mzee hajui Kiswahili wala Kipsigis. Alisikia neno moja tu katika wimbo mzima, jina lake, na aliona linaimbiwa mtoto ambaye muda ule ule, kwa bahati yangu, alikuwa anakojoa kweli. Tabasamu likamwisha polepole.

Bwana Lam akanigeukia. "Chebet. Ulisema ni jina ya Kipsigis."

Nilisema yote. Nimesimama katikati ya bustani, kamasi zinatoka, meneja anatazama, nyapara anatazama, nikaeleza kipande kwa kipande, picha, ugoro, chafya, na Bwana Lam akimtafsiria baba yake. Nilipofika pale pa kusema nilidhani Baba amekufa, hakutafsiri. Akaangalia chini. Mzee akamgusa kwa fimbo, akasema neno, akamgusa tena, ndipo akasema. Mama Lam akaziba mdomo, na safari hii hakuwa anacheka. Bwana Lam akaniambia, kwa sauti ya chini, kwamba kwao kumpa mtoto jina la mzee ni kumshusha mzee, ni kumfanya abadilishwe nepi mbele ya watu. Ningefukuzwa pale pale ningeshukuru.

Gogo Tapkigen akarudi. Majani ya chai kichwani, mguu mmoja hauna kiatu, anakuja hatua kwa hatua, akasimama mbele ya mzee, akanyoosha mkono akamgusa kiganja. Akakishika. "Ni moto," akasema, "huyu ni mtu." Kisha akanigeukia mimi, na hakupiga kelele, heri angepiga.

"Nilikuuliza," akasema. "Nilikuuliza kama amekufa."

Akaamuru kiti kiletwe, mzee akakaa, akatoa kikopo, akamwambia Bwana Lam kwa Kiswahili chake, "Mwampie papa yako, jina yake mimi nilichukua kwa makosa. Sasa narutisha." Desturi ya namna hiyo haipo, niwaambie kabisa, aliitunga pale pale kwa kuwa lazima kitu kifanyike. Mzee akatazama kikopo, akamtazama yule mwanamke mwenye majani kichwani, wote wawili umri mmoja, na sijui aliona nini, lakini akavua kofia na kuinamisha kichwa. Gogo akapitisha ugoro. Akaita kwa nguvu, "Lam Kin Toi!"

Mzee alipiga chafya tatu, miwani ikaruka mpaka kwenye mayai. Bustani nzima ikalipuka kwa vigelegele, meneja akapiga makofi bila kuelewa, na mzee akacheka mpaka akatoa kitambaa cha kufutia macho. Kisha akatoa kwenye koti karatasi nyekundu iliyokunjwa vizuri, akaifungua, akasoma jina la mjukuu wake: Lam Chi Hoi. Bwana Lam akatueleza kwamba Hoi ni bahari, kwa sababu mtoto alionekana amepungukiwa na maji. Ndipo mvua ikatunyeshea wote, ile mvua yetu ya kila alasiri, tukakimbilia kibarazani na mayai.

Watu wakiusimulia mkasa huu wanapenda kuishia hapo kwenye chafya. Mimi siwezi, kwa sababu jioni ile Bwana Lam alikuja jikoni akasimama mlangoni. "Baba amesamehe," akasema. "Lakini mimi nilikuuliza wewe, Chebet. Uliangalia macho yangu, ukasema uongo." Siku tisa alizokaa mzee sikupewa mtoto. Niliachiwa nguo za kufua. Saa kumi jioni namsikia analia ndani, ninajua anavyotaka kushikwa, tumbo juu ya mkono hivi, na mikono yangu imo kwenye sabuni. Kucheka kwa kambi nzima hakukuniuma kama hicho kilio. Siku ya kumi Mama Lam alinifuata kwenye kamba ya nguo, akaniwekea mtoto mikononi, akarudi ndani.

Mzee akarudi kwao, na wasiwasi ukahamia kwenye barua. Gogo alikuwa amerudisha jina, sawa, lakini je, lilirudi lote? Mimi mwalimu wa watoto kanisani, ninayefundisha kwamba uhai uko mkononi mwa Mungu, kila bahasha ya ndege ikifika kutoka Hongkong niliacha kazi nikasimama mlangoni mpaka Mama Lam aseme, "Baba mzima, anasalimia mama ya ugoro." Mkataba ukaisha wakaondoka na Chi Hoi wao akiwa anakimbia, na Mama Lam akawa ananiandikia kila Krismasi kwa kile Kiswahili chetu cha jikoni. Sikusoma habari za shule wala za nyumba mpya kwanza. Nilitafuta mahali palipoandikwa Baba mzima, nikishapaona ndipo nakaa chini.

Miaka mingi hivyo. Kisha mwaka mmoja nikiwa kwenye foleni ya posta hapa hapa Sosiot, nikafungua barua, na imeandikwa Baba amelala usingizi hakuamka, ana miaka themanini na nane, jana yake alikula vizuri na alicheza karata na Chi Hoi. Nikasoma mara mbili. Themanini na nane! Kwa uzee! Hakuna mtu aliyemsukuma! Nikainua mikono juu nikapiga kelele, "Asante Yesu!"

Karani akatabasamu. "Habari njema, mama?"

"Mzee amekufa," nikasema.

Foleni nzima ikanigeukia. Hapo ndipo nilipokisikia nilichosema, na nikamwona yule mzee ameinamisha kichwa mbele ya kikopo cha ugoro, mgeni katika nchi asiyoijua, ili tu mwanamke asiyemfahamu apate amani. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za posta nikamlilia, na watu wanaotoka wananizunguka kwa mbali, hawajui kama ni wa kupewa pole au kupelekwa hospitali.

Watoto wangu wote wanne waliitwa na mama mkwe wangu, mimi nimelala nimetazama ukutani, sikutoa hata sauti. Sasa mimi ndiye gogo, wajukuu wanazaliwa, wananifuata na ugoro niwaite, na ninakataa, jina sitoi, hata ndama wangu anaitwa na mzee wangu. Watu wawili waliniuliza swali dogo, na wote wawili niliwajibu haraka. Siku hizi nikiulizwa jambo nasema sijui, na nikishasema hivyo navaa viatu naenda kumuuliza anayejua.